Mapambo ya Pasaka Yasiyotupwa

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mambo mazito yanayoisumbua dunia, nalo ni mapambo na zawadi za Pasaka: vile vitu ambavyo watu huvifanya kwa mikono yao, wakavitumia siku za sikukuu, kisha wakavifunga vizuri na kuviweka mahali pa salama hata mwaka mwingine utakapofika. Nimelichagua jambo hili kwa kuwa naamini kwa dhati ya moyo wangu kwamba sikukuu inayorudi kila mwaka inastahili pambo linalorudi pamoja nayo, na kwamba nyumba inayolitupa pambo lake kila Pasaka hujinyima sehemu kubwa ya furaha ambayo sikukuu imekusudiwa kuileta.

Yafaa kwanza tukumbuke Pasaka huangukia wakati gani. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikata shauri kwamba Wakristo wote waiadhimishe sikukuu hii katika Jumapili moja, na hesabu iliyokuja kukubaliwa huiweka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, hata Pasaka ya makanisa ya Magharibi ikawa haitangulii tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Katika nchi za kaskazini huo ndio wakati theluji inapokwisha, miti iliyosimama mitupu tangu Novemba inapoanza kutoa macho, na watu waliofungiwa ndani na baridi wanapofungua madirisha. Kwetu Afrika ya Mashariki hatuna majira ya kuchipua ya namna hiyo, lakini tunayo masika. Na mtu aliyepata kuiona ardhi iliyokauka kwa kiangazi ikigeuka kijani kibichi siku chache baada ya mvua za kwanza hahitaji kuelezwa kwa nini wanadamu wa pande nyingi waliutafutia wakati huo ishara ya uhai unaotoka katika kitu kilichodhaniwa kuwa kimekufa.

Ishara iliyochaguliwa na wengi ilikuwa yai, na sababu zake zilianzia bandani na jikoni. Kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mchana: katika baridi ya kaskazini, mchana unapokuwa mfupi mno, hupunguza kutaga au huacha kabisa, na mchana unaporefuka kuelekea Aprili hurudia kutaga kwa wingi. Fauka ya hayo, katika karne za kati kanisa la Magharibi liliwakataza waumini kula mayai siku zote za Kwaresima, ilhali kuku waliendelea kutaga. Kwa hiyo mayai yalikusanyika wiki baada ya wiki, na Pasaka ilipowadia kila nyumba ilikuwa na mayai ya kula, ya kugawa na ya kutia rangi. Hesabu za nyumba ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza za mwaka 1290 zaonyesha kwamba zilitumika peni 18 kwa ajili ya mayai 450, yaliyotiwa rangi na kuvishwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba, ili yawe hidaya ya Pasaka kwa watu wa baraza lake.

Miaka karibu 600 baadaye, katika Pasaka ya mwaka 1885, mfalme mwingine, Tsar Alexander wa Tatu wa Urusi, alimpa mkewe Maria Feodorovna yai lililofanywa katika karakana ya sonara Carl Fabergé. Kaka lake lilikuwa la enameli nyeupe. Lilipofunguliwa palitokea kiini cha dhahabu. Na kiini kilipofunguliwa palitokea kuku wa dhahabu. Mayai ya kifalme ya namna hiyo yaliendelea kufanywa hata mwaka 1916, yakatimia 50, na mengi yao leo yamo katika majumba ya makumbusho. Nayataja kwa sababu yanatufunza jambo moja lenye maana: mtu aliyekuwa na hazina ya milki nzima mkononi mwake, alipotaka kumfurahisha ampendaye, aliona hapana zawadi bora kuliko kitu kilichotoka katika vidole vya fundi stadi, kitu ambacho kingewekwa na kutazamwa tena Pasaka baada ya Pasaka. Dhahabu haimo katika uwezo wetu, lakini lile wazo lililo nyuma ya dhahabu limo katika uwezo wa maskini na tajiri sawasawa, na mfano wake ulio bora kwangu watoka katika mji mdogo wa Ujerumani.

Mji huo ni Saalfeld, katika jimbo la Thuringia. Ujerumani ni desturi ya zamani kutundika mayai yaliyopambwa juu ya matawi, ama ndani ya nyumba katika chombo cha maji, ama nje bustanini juu ya mti ambao haujatoa majani. Mwenyeji mmoja wa Saalfeld, Volker Kraft, aliuona mti wa namna hiyo alipokuwa mtoto, mwaka 1945, akatamani siku moja awe na wake. Na mwaka 1965, alipokwisha kuwa mtu mzima mwenye jamaa, alitundika mayai 18 ya plastiki juu ya mche wa mtofaa uliokuwa bustanini kwake. Mti ulikua, na kila mwaka ukadai mayai mengi zaidi ya mwaka uliotangulia. Hapo jamaa ile ilianza kuyatoboa mayai ya jikoni badala ya kuyavunja, ikatoa ute na kiini kwa chakula, na yale makaka matupu ikayapamba kwa rangi, kwa nyuzi zilizofumwa, kwa makombe madogo na kwa kila kilichopatikana. Baada ya Pasaka mayai yote yaliteremshwa moja moja, yakapangwa katika maboksi, yakangoja. Mwaka 2012 mtofaa ule ulibeba mayai 10,000, na kuyatundika tu kulikuwa kazi ya siku nyingi. Watu walikuja kwa maelfu kuutazama. Mwaka 2015 ndio uliokuwa wa mwisho katika bustani ile, na mapambo hayo yakapokewa na wenyeji wenzao wa Saalfeld ili desturi isikatike.

Tutafakari hesabu hiyo, wasikilizaji. Ukiacha yale ya plastiki ya mwanzo, mayai 10,000 yale kwa sehemu kubwa hayakuwa mapambo ya dukani. Yalitoka jikoni kwa muda wa karibu nusu karne, na yalikuwa yamekwisha kushibisha watu kabla hayajawa mapambo. Lau kama jamaa ile ingekuwa na mazoea ya kununua vya kutupa, mwaka wa 50 ungewakuta mahali pale pale walipokuwa mwaka wa kwanza, mikono mitupu, wakienda tena dukani. Kwa kuwa waliweka walichokifanya, kazi ya mwaka mmoja iliungana na kazi ya mwaka mwingine. Mtoto aliyepaka rangi yai lake la kwanza aliweza, alipokuwa mtu mzima, kulionyesha kwa mwanawe juu ya tawi lile lile. Hiyo ndiyo fadhila kubwa ya pambo linalohifadhiwa: hukusanya umri, na umri wake ni umri wa watu waliolifanya.

Kama Saalfeld yatufunza subira, Ukraine yatufunza ufundi. Huko yai la Pasaka huitwa pysanka, na nakshi zake hufanywa kwa nta ya nyuki kwa njia ambayo mafundi wetu wa batiki wataitambua mara moja, maana ni ile ile wanayoitumia juu ya kitambaa. Fundi hushika kijiti chenye mdomo mwembamba wa shaba, hukipasha moto kwenye mshumaa, huchota nta, na kwa nta iliyoyeyuka huchora juu ya yai jeupe mistari yote anayotaka ibaki nyeupe. Kisha hulitosa yai katika rangi ya manjano, akachora kwa nta yote atakayo ibaki manjano. Hulitosa katika nyekundu, akachora tena. Na hivyo huendelea kutoka rangi iliyo nyepesi hata iliyo nzito, ambayo aghalabu ni nyeusi. Kufikia hapo yai lote limefunikwa giza la nta na rangi, na asiyejua angesema limeharibika. Fundi hulisogeza kando ya ndimi za mshumaa, nta huanza kung'aa na kuyeyuka, naye huifuta kwa kitambaa laini. Na rangi zote zilizokuwa zimefichwa, moja chini ya nyingine, hujitokeza kwa pamoja. Wasorbi, taifa dogo lenye asili ya Kislavoni linaloishi mashariki ya Ujerumani, wana ufundi wa jamaa hiyo, ila wao hutia nta kwa unyoya wa bata bukini uliokatwa ncha kwa umbo maalumu, na kila ncha huacha alama yake.

Ufundi huu wa Waukraine ulipata kuonja dhiki. Katika zama za utawala wa Kisovieti desturi za dini zilibanwa, na pysanka ikabanwa pamoja nazo. Lakini wako waliokuwa wamehama zamani kwenda ng'ambo, na hao waliushika ufundi wa mama zao, hata mji wa Vegreville nchini Kanada ukasimamisha mwaka 1975 sanamu kubwa ya yai la namna hiyo. Nchini Ukraine kwenyewe, mji wa Kolomyia una jumba la makumbusho la pysanka lililojengwa mwaka 2000 kwa umbo la yai; na mwezi Desemba mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuandika ufundi huo katika orodha ya turathi za wanadamu, kwa ombi la Ukraine na Estonia. Kitu chepesi kiasi cha kupasuka kwa kubanwa na vidole viwili kilipita katika vita, katika uhamisho na katika marufuku, kwa sababu palikuwa na akina mama na akina nyanya waliokaa mezani na watoto wakawaonyesha namna ya kushika kile kijiti.

Msije mkadhani, wasikilizaji wangu, kwamba heshima hii ya yai ni ya Ulaya peke yake. Katika pango la Diepkloof, Afrika Kusini, vimepatikana vipande vya makaka ya mayai ya mbuni yaliyochorwa mistari kwa mpango na kwa kusudi, vyenye umri wa miaka kama 60,000. Na watu wa jamii za Wasan walipata kuyatumia makaka hayo kuwa vyombo vya maji, wakavitumia tena na tena jangwani. Ethiopia, mayai ya mbuni huwekwa juu ya misalaba ya mapaa ya makanisa. Na Istanbul yalitundikwa katika misikiti mikubwa pamoja na taa. Wairani nao, wanapoandika meza ya Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya inayoangukia tarehe 20 au 21 Machi, huweka mayai yaliyotiwa rangi kando ya majani mabichi ya ngano waliyoyaotesha wenyewe. Na jina la sikukuu hiyo si geni pwani yetu, ambako Nairuzi ilikuwa hesabu ya mabaharia na wakulima, na ambako Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa Mwaka Kogwa, ingawa wakati wake sasa ni mwezi Julai. Mwafrika anayelichora yai, basi, haigi cha mtu. Anarudia kazi ambayo bara lake liliifanya mapema mno.

Na iwapo yai ni la wote, liko pambo jingine la Pasaka ambalo sisi watu wa pwani tunalo kwa haki iliyo kubwa zaidi, nalo ni jani la mtende na jamaa zake. Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, Wakristo hukumbuka namna Yesu alivyopokewa Yerusalemu kwa matawi ya mitende. Katika mji wa Elche, Hispania, ambao msitu wake wa mitende uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, wakulima huyafunga makuti machanga juu ya mti ili yasipigwe na jua, yakakua meupe, na mafundi wakayasuka kuwa maua, misalaba na minara ya ajabu. Nchi zisizo na mitende hutumia matawi ya miti mingine. Katika makanisa mengi waumini huyachukua matawi hayo nyumbani, wakayaweka ukutani mwaka mzima, kisha wakayarudisha ili yachomwe, na majivu yake ndiyo yanayopakwa katika vipaji vya nyuso Jumatano ya Majivu. Jani lile huanza kwa shangwe, likakaa mwaka katika nyumba ya watu, likaishia katika ibada ya toba. Hapana sehemu yake inayokwenda jalalani.

Tena liko jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Tangu miaka ya 1960 misalaba midogo ya majani ya mitende ya porini, iliyokunjwa kwa mkono na wanavijiji wa pande za Masasi, kusini mwa Tanzania, imekuwa ikisafirishwa hata Uingereza, na humo makanisani hugawiwa watu Jumapili ya Matawi. Mtu wa mji wenye ukungu, asiyepata kuuona mtende ukiota, hukaa mwaka mzima na msalaba uliotoka katika vidole vya mkulima wa Masasi. Laiti na sisi wenyewe tungeutazama ufundi huo kwa jicho lile lile la thamani! Maana tuna akina mama wa Pemba na Unguja, wa Lamu na Bagamoyo, wanaojua kuyakata makuti ya mkindu, kuyaanika juani, kuyachambua, kuyachemsha katika rangi, kuyasuka kuwa ukili, na kuuzungusha ukili huo na kuushona kwa shazia mpaka ukawa mkeka, kapu, mkoba, au kawa la kufunikia chakula. Hapana pambo la Pasaka lililo bora kwa meza yetu kuliko kawa lenye nakshi nyekundu na kijani. Nalo, sikukuu ikiisha, hurudi kufunika wali wa kila siku.

Sasa niseme namna ya kutenda, kwa kuwa mazungumzo yasiyofika mikononi hayajafika. Anayetaka kupamba mayai na ayaoshe kwanza kwa sabuni na maji. Achukue maganda makavu ya vitunguu maji, ambayo kila jiko huyatupa, ayachemshe kwa muda wa nusu saa, ayachuje, aiache rangi ipoe, atie kijiko kimoja au viwili vya siki, kisha ayatose mayai mabichi yakiwa bado mazima na kuyalaza humo usiku kucha; yatatoka na wekundu wa udongo wa bara. Akitaka manjano, atumie bizari ya manjano. Siki huifanya rangi ishike, lakini isizidi, kwa sababu kaka la yai ni la asili ya chokaa na siki nyingi hulila. Akipenda nakshi, kabla ya kutosa alaze juu ya yai jani dogo la giligilani, alibane kwa kipande cha soksi nyembamba iliyochakaa na kukifunga kwa uzi. Atakapokifungua ataona umbo la jani limebaki katika rangi ya asili ya yai. Na anayeijua batiki hana haja ya mwalimu: nta yake na mshumaa wake vyamtosha.

Rangi ikisha kukauka, na alitoboe yai ncha zote mbili kwa sindano, tundu la chini likiwa kubwa kidogo, akivunje kiini kwa ndani kwa ile sindano, kisha apulize juu ili ute na kiini vitoke katika bakuli. Aangalie asiguse yai bichi kwa ulimi, na mayai yaliyotoka yakaangwe yakaive barabara na kuliwa siku ile ile. Kaka lioshwe ndani kwa maji yenye siki kidogo, liinamishwe likauke kabisa, lipitishwe uzi. Nasisitiza mpango huu, rangi kwanza na kutoboa baadaye, kwa sababu kaka tupu huelea juu ya maji na halizami katika rangi. Tawi la kuyatundikia halina gharama: tawi kavu la mpera au la mkorosho, likisimamishwa katika chungu cha mchanga pembeni mwa sebule, lapendeza, na lenyewe laweza kuwekwa kwa miaka mingi.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, ambako yai halina amani, nashauri mayai ya nguo. Kwa fundi cherehani hapakosi vipande vya kanga na vitenge vilivyobaki. Vikatwe kwa umbo la jani pana, vinne vinne, vishonwe pamoja, na ndani vijazwe sufi, ile ile ya mito yetu. Vipande vingine vikatwe pembe tatu, vishonwe juu ya utepe mrefu, navyo vitapita juu ya mlango na madirisha kwa rangi zinazoshinda karatasi zote za dukani. Sikukuu ikiisha hufuliwa, hupigwa pasi, hukunjwa. Na kila kipande kina habari yake: hiki kilitoka katika gauni la mkubwa, hiki katika kanga ya bibi, hiki katika sare ya harusi ya shangazi, na mtoto anayevitundika hujifunza ukoo wake bila ya kufundishwa.

Zawadi nazo zafuata kanuni hiyo hiyo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019. Na kwa sheria hizo kikapu, ambacho babu zetu hawakukiacha, kimerudi sokoni kwa heshima. Basi anayempelekea jirani au mtoto wa ubatizo zawadi ya Pasaka na aitie katika kapu la ukindu: mayai, matunda, mbegu za mboga, au mche wa mwembe uliooteshwa katika mkebe, maana masika ndiyo wakati wa kupanda, na mche uliotolewa Pasaka hushika ardhi kabla mvua hazijakatika. Kapu lenyewe ni zawadi ya pili, litakalokwenda sokoni mara mia. Pwani tuna mwendo mwema wa kupelekeana vyakula siku za sikukuu, Mwislamu kwa Mkristo na Mkristo kwa Mwislamu, na chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Zawadi iliyofunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa, ikarudi na kitambaa kile kikiwa kimefunika kitu kingine, hujenga ujirani kwa namna ambayo karatasi ya kung'aa, inayochanwa mlangoni na kutupwa, haiwezi kamwe kuujenga.

Wako watakaoniuliza, je, mtu atapata wapi nafasi ya mambo haya, naye hutoka alfajiri na kurudi usiku, na dukani kuna mapambo ya bei ndogo? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu kwa heshima. Bei ndogo inayolipwa kila mwaka haibaki kuwa ndogo, na kitu kilichonunuliwa ili kitupwe humwachia mwenye nyumba deni la taka ambalo mtaa wote hulilipa, hasa masika, mifereji inapoziba na maji kuingia majumbani. Na juu ya nafasi, kazi hii haidai siku nyingi. Jumamosi moja au mbili za Kwaresima zatosha, nazo zikitumika hivyo huwakutanisha mezani watu wa nyumba moja ambao wiki nzima wamepishana mlangoni. Mtoto aliyekaa kando ya mama yake akimenya maganda ya vitunguu, akangoja rangi ipoe, akalipuliza yai kwa hadhari lisivunjike, amejifunza subira, usafi na uangalifu katika kazi moja. Mambo hayo hayauzwi.

Limebaki neno la kuhifadhi, ambalo ndilo la mwisho katika kazi na la kwanza katika maana, kwa kuwa pambo lisilohifadhiwa vema halina tofauti na la kutupwa. Adui yetu ni unyevu wa masika. Msiweke yai kabla halijakauka ndani, wala ukindu kabla haujaanikwa, maana kuvu huingia kimyakimya na kuharibu kazi ya mwaka. Zile trei za karatasi nene ambazo mayai huuziwa ndizo nyumba bora ya mayai yaliyopambwa. Zipangwe katika boksi imara, boksi liwekwe juu, mbali na panya na mende, na karafuu chache zitiwe ndani kwa ajili ya harufu. Juu ya kila yai, kando ya tundu la chini, andikeni kwa wino jina la aliyelipamba na mwaka. Naomba sana jambo hili lisisahauliwe. Mwandiko mdogo ule, wenye herufi za mtoto wa miaka sita, utakuwa hazina siku atakapokuwa na miaka 30.

Alhasili, wasikilizaji wangu, sikuwaitia gharama wala sifa. Nimewaitia kuiheshimu mikono tuliyopewa na Mwenyezi Mungu na kuitumia katika siku iliyo kubwa, ili furaha ya Pasaka iwe na kitu cha kushika. Hapana haja ya kungoja hata mtu awe fundi. Mwaka huu anzeni na mayai sita, au na msalaba mmoja wa kuti, au na kapu moja lililonunuliwa kwa mama anayesuka mwenyewe, kwa bei ya haki, bila ya kumkandamiza. Mwakani mwongeze sita mengine, na mwaka wa tatu mwaite watoto wa jirani wajifunze pamoja na wenu. Nawatakia Pasaka njema, yenye amani na afya, na masika yenye neema mashambani mwenu.